Nani Amfichaye Mungu? Mnyambuliko wa Kitenzi "Ficha" na Suala la Kujulikana kwa Mungu katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi fasihi ya Kiswahili inavyolishughulikia suala la kujulikana na kutojulikana kwa Mungu. Hatuanzii katika swali la iwapo Mungu yupo au hayupo. Tunaanzia katika lugha yenyewe, yaani kitenzi "ficha" na maumbo yake "fichika", "fichwa", "jificha" na "fichua". Tunapendekeza kwamba kila umbo lina jibu lake kuhusu anayesababisha Mungu asionekane, na kwamba tofauti hizo zinatusaidia kuzisoma kwa haki kazi nne: Utendi wa Ayubu, Al-Inkishafi, na riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji na Mzingile.

Utangulizi

Riwaya za Euphrase Kezilahabi zinapofundishwa vyuoni, mjadala huelekea kugawanyika katika pande mbili. Upande mmoja huzishutumu kwa kufuru na kuuliza iwapo zinafaa kusomwa na vijana waliolelewa msikitini au kanisani. Upande wa pili huzisifu kwa sababu hiyo hiyo, ukimwona mwandishi kama mtu aliyethubutu kutangaza kwamba Mungu hayupo. Ingawa pande hizi zinapingana, zina dhana moja ya pamoja: kwamba swali la pekee linaloweza kuulizwa kumhusu Mungu katika kazi ya fasihi ni lile la kuwapo au kutokuwapo kwake, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuamua mwandishi yuko upande gani.

Makala haya yanaitilia shaka dhana hiyo. Fasihi haina vifaa vya kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, wala haina vifaa vya kukanusha. Inachoweza kufanya ni kuonyesha jinsi binadamu anavyoishi na Mungu asiyemwona, na hasa jinsi anavyoieleza hali hiyo ya kutomwona. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na la kusema, kwa sababu maelezo hayo hufanywa kwa lugha, na lugha yetu ina utaratibu maalumu wa kumtaja au kutomtaja mtendaji. Hoja yetu ni kwamba kazi kuu za fasihi ya Kiswahili zinatofautiana kuhusu nani mfichaji kuliko zinavyotofautiana kuhusu kuwapo kwa Mungu. Tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Anayetajwa kuwa mfichaji ndiye anayebeba lawama.

Mungu katika sarufi ya Kiswahili

Kabla ya kukifikia kitenzi, inafaa tulitazame jina. Neno "Mungu" lina asili ya Kibantu, na linahusiana na maumbo kama "Mulungu" yanayopatikana katika lugha nyingi za Afrika Mashariki na Kati, zikiwemo za Wamijikenda. Wingi wake, "miungu", unaliweka kimofolojia pamoja na mti, mlima na mto. Hata hivyo, kisintaksia linapatanishwa kama nomino ya ngeli ya A-WA: tunasema Mungu anaona, wala hatusemi Mungu unaona. Umbo lake limebaki na vitu visivyo na nafsi ilhali upatanisho wake umehamia kwa wenye nafsi. Aidha, kiambishi "a-" hakibagui jinsia. Msemaji wa Kiswahili hulazimika kumtaja Mungu kama nafsi, lakini halazimiki kumtaja kama mwanamume au mwanamke.

La pili ni uhusiano wa jina hili na kitenzi "jua". Katika mazungumzo ya kila siku, Mungu hutokea mara kwa mara kama mtendaji wa kitenzi hiki: "Mungu anajua", "Mungu ndiye ajuaye". Kauli hizi hutamkwa pale ambapo ujuzi wa binadamu umefikia ukomo, kama vile mwanachuoni wa Kiislamu anavyofunga hoja yake kwa kukiri kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi. Mja, kwa upande wake, zaidi hutajwa kuwa "anamcha" Mungu, "anamwomba" au "anamtegemea". Methali nazo zinaelekea huko huko. "Mungu si Athumani" inatukumbusha kwamba Mungu hapimwi kwa kipimo cha mtu. "Mungu hamfichi mnafiki" inakigeuza kabisa kitenzi tunachokishughulikia hapa, kwa kuwa mwenye kutafuta maficho ni binadamu, na ndiye anayeyakosa.

Hatudai kwamba methali na salamu ni falsafa iliyokamilika. Tunachosema ni kwamba anayeuliza kwa Kiswahili iwapo Mungu anaweza kujulikana anaingia katika lugha ambayo tayari imemzoea Mungu kama ajuaye. Swali lenyewe linaupindua mpangilio uliozoeleka, na msukosuko unaohisiwa darasani huenda unaanzia hapo.

Maumbo ya kitenzi "ficha"

Kitenzi "ficha" kinahitaji mtendaji na mtendwa: mtu huficha kitu. Kinaponyambuliwa, uhusiano huo hubadilika. Katika kauli ya kutendwa, "fichwa", mtendaji yupo hata asipotajwa. Tukisema fedha zimefichwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza, na nani? Kwa kiambishi kirejeshi, "jificha", mtendaji na mtendwa ni mmoja, na swali linalofuata kwa kawaida ni, kwa nini? Katika kauli ya kutendeka, "fichika", mtendaji anaondoka kabisa katika sentensi. Kitu kimefichika kwa hali yake, au kwa mahali kilipo, na hakuna anayeulizwa. Mwisho kuna kauli ya kutendua, "fichua", inayoondoa kilichofanywa na "ficha", kama "funua" inavyoondoa kazi ya "funika".

Kwamba tofauti hizi zina uzito wa kidini si jambo tulilolibuni. Aya ya 15 ya sura ya 45 ya kitabu cha Isaya inamtaja Mungu kuwa aliye katika maficho. Kiebrania cha asili kinatumia umbo la kirejeshi, na Biblia ya Kiswahili imelifuata kwa kutumia "jificha". Tafsiri ya Kilatini iliyotumiwa Ulaya kwa karne nyingi ilisema "Deus absconditus", kwa kutumia umbo la kutendwa ambalo laweza kusomeka kama hali tu: Mungu aliyefichwa, au aliyefichika. Ni umbo hilo la Kilatini lililomvutia Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662), aliyeshikilia kwamba dini isiyokiri kuwa Mungu amefichika haiwezi kuwa ya kweli. Aya ni moja, lakini mtendaji anaonekana waziwazi katika lugha moja na kufifia katika nyingine.

Fichika: Mungu asiye wa kuonekana

Msimamo wa kwanza ndio wenye mizizi mirefu zaidi katika utamaduni wa Waswahili. Miongoni mwa majina mazuri ya Mwenyezi Mungu yanayosomwa katika Uislamu yamo mawili yanayokwenda pamoja, Adh-Dhahir na Al-Batin: aliye dhahiri na aliye wa ndani. Yanatokea pamoja katika aya ya 3 ya sura ya 57 ya Kurani. Kwa mtazamo huu, hakuna aliyemficha Mungu, wala Yeye hakukimbilia mafichoni. Kutoonekana ni sehemu ya jinsi alivyo, na kwa namna nyingine ni dhahiri kupitia kazi zake. Katika Ukristo na Uyahudi pia, Musa katika sura ya 33 ya kitabu cha Kutoka anaomba kuuona utukufu wa Mungu, na anaelezwa kwamba uso hauonekani na binadamu akaishi.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatupa jambo la kuzingatia. Kauli ya kutendeka ina maana mbili. "Kikombe hakikuvunjika" ni taarifa ya tukio, ilhali "kikombe hiki hakivunjiki" ni taarifa ya uwezekano. Chukua sasa sentensi "Mungu haonekani". Asiyeamini akiitamka, anamaanisha kwamba tumetazama na hatukumwona. Mwenye imani akiitamka, anamaanisha kwamba Yeye si wa aina ya vitu vinavyoonekana kwa macho. Watu wawili wanaweza kukubaliana juu ya kila neno la sentensi hiyo, na bado wakatofautiana kuhusu ulimwengu mzima. Mijadala mingi ya kuwapo kwa Mungu hukwama hapa bila wenye kujadiliana kutambua kwamba wanatumia kauli moja kwa maana mbili.

Katika fasihi, msimamo huu unadhihirika katika Utendi wa Ayubu, mmojawapo wa tendi sita ambazo J. W. T. Allen alizihariri katika kitabu chake Tendi cha mwaka 1971. Ayubu ni mja mwema anayepoteza mali, watoto na afya. Ayubu wa Biblia hufungua mashtaka. Anataka kusikilizwa, na Mungu anapomjibu kuanzia sura ya 38, humjibu kwa maswali juu ya misingi ya dunia bila kumweleza chanzo cha mateso yake. Ayubu wa utendi, anayefuata mapokeo ya Kiislamu, ni kielelezo cha subira. Hadai jibu, maana haoni kwamba amenyimwa. Kwake Mungu amefichika kama vile kilindi kilivyofichika kwa mvuvi: hakuna aliyemfanyia hila, na kazi yake ni kuendelea kuvua.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unamwezesha mtu kubeba mzigo bila chuki. Udhaifu wake unatokana na chanzo hicho hicho. Kauli isiyo na mtendaji haimlaumu yeyote, hata pale ambapo yupo wa kulaumiwa. Tutalirudia jambo hili.

Fichwa: pazia la dunia

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, unakadiriwa kuwa wa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. William Hichens aliuchapisha mwaka 1939, na James de Vere Allen akatoa toleo jingine mwaka 1977. Kwa kawaida husomwa kama maombolezo ya kuporomoka kwa Pate, au kama mawaidha juu ya upuuzi wa dunia. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaacha kando maana ya jina lenyewe. "Inkishafi" linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuondoa kifuniko, na umbo lililotumika linaelekea kauli ya kutendeka. Ni karibu na "kufunuka" kuliko "kufunua". Utungo mzima, basi, ni habari ya kitu kilichokuwa kimefunikwa na sasa kinafunuka.

Kitu gani? Mshairi anaanza kwa kumtaja na kumsifu Mungu, na hatoi hoja hata moja ya kuthibitisha kuwapo kwake. Kisha anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuusaili. Anauelekeza kwenye majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani, ambayo sasa ni magofu yanayokaliwa na popo. Anauonyesha makaburi. Mwishoni anauonyesha adhabu za akhera. Katika safari yote hiyo, Mungu hajasogea. Kilichosogea ni pazia, na pazia hilo ni dunia: mali, fahari na usingizi wa moyo.

Kwa hiyo, hapa tuko katika kauli ya kutendwa. Mungu amefichwa, na aliyemficha ni moyo uliopenda kutazama kwingine. Ni muhimu kutambua kwamba mshairi hawanyooshei matajiri kidole kama mtu aliye nje ya kosa. Anayehojiwa ni moyo wake yeye. Aidha, magofu ndiyo yanayofanya kazi ya kufunua. Ukuta ulipokuwa umesimama, ulimzuia mwenye nyumba kuona mbali. Ulipobomoka, ulionyesha kilichokuwa nyuma yake. Kupotea kwa neema, ambako kwa Ayubu ni mtihani wa kuvumiliwa, kwa mshairi wa Pate ni mwanzo wa maarifa.

Mtu anaweza kupinga kwamba kauli hii inamlaumu binadamu kupita kiasi. Yupo mwenye moyo uliokesha akitafuta, asiye na mali ya kumpumbaza wala fahari ya kumlewesha, na bado hajaona kitu. Al-Inkishafi haina jibu kwa mtu huyo, kwa sababu haikutungwa kwa ajili yake. Jibu, au tuseme kilio chake, linapatikana kwingine.

Jificha: tanzia inayopelekwa mlimani

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Ukerewe na kusomea kwa muda katika seminari ya Kikatoliki kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Suala la Mungu linapitia katika maandishi yake tangu Rosa Mistika ya mwaka 1971. Hapa tutagusia mbili.

Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto ni mwanachuo anayerudi nyumbani na kukuta misiba ikifuatana. Dada yake Rukia anafariki baada ya kupachikwa mimba na Manase, mtu aliyesoma na mwenye cheo serikalini. Kazimoto anaoa, mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa na kufa, na mwishowe Kazimoto anajiua. Katikati ya hayo, anauliza maswali makali kuhusu Mungu na maana ya maisha. Wahakiki wengi wameihusisha riwaya hii na udhanaishi, na hilo lina ukweli. Hata hivyo, tunapaswa kuutazama mtiririko wa matukio. Kifo cha Rukia kina mtendaji, naye ana jina na ofisi. Dai kwamba yaliyompata Rukia yalikuwa mapenzi ya Mungu lingelitumia jina la Mungu kumfunika Manase. Hapo wanaofichwa ni wawili kwa mara moja: Manase anafichwa nyuma ya Mungu, na Mungu anafichwa nyuma ya tendo la Manase.

Mzingile (1991), inayofuata Nagona ya mwaka 1990, inaenda mbali zaidi. Mtafiti Mikhail Gromov aliwahi kuuliza iwapo kazi hizi mbili ni riwaya, ngano au fumbo, na swali hilo linaeleza ugumu ambao wasomaji huupata. Neno "mzingile" lina maana ya njia za kuzungukazunguka zinazompoteza apitaye. Msimulizi anafunga safari kumtafuta mzee Kakulu, ambaye wahakiki wamemwona kama taswira ya Mungu, ili ampelekee habari ya kifo cha mwanawe. Msomaji wa Kikristo hawezi kukosa kuisikia habari ya Baba na Mwana ndani yake.

Hebu tuuzingatie mpangilio huo. Katika dini zote tulizozitaja, mjumbe hutoka kwa Mungu kuja kwa watu. Katika Mzingile, mjumbe anatoka kwa watu kwenda kwa mzee, na anachobeba ni tanzia. Yule ambaye lugha yetu imezoea kumwita ajuaye sasa anahitaji kupelekewa habari. Isitoshe, mfiwa mwenyewe ndiye aliye mbali, katika maficho aliyoyachagua. Hii ndiyo kauli ya kirejeshi. Mungu amejificha, na binadamu anapanda kumwuliza kwa nini.

Swali hilo, kwa nini, ndilo lililoshikiliwa na mwanafalsafa wa Kanada J. L. Schellenberg katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu maficho ya Mungu. Kwa ufupi, anasema kwamba Mungu mwenye upendo kamili angetaka uhusiano na kila mtu aliye tayari. Wapo watu walio tayari na ambao hata hivyo hawamwamini, bila kosa lao. Kwa hiyo, Mungu wa aina hiyo hayupo. Tutambue kwamba hoja hii haiwezi kusimama juu ya kauli ya "fichika", maana kitu kilichofichika kwa hali yake hakilaumiwi kwa kukosa upendo. Haisimami pia juu ya "fichwa", ikiwa mfichaji ni sisi. Inasimama juu ya "jificha" peke yake. Mzazi anaweza kujificha kwa mchezo, mtoto akamtafuta huku akicheka. Lakini mtoto akianza kulia na mzazi asitokee, mchezo umekwisha, na jina jingine linahitajika kwa kinachoendelea.

Je, basi, Mzingile inatangaza kwamba Mungu hayupo? Hatuoni hivyo. Hakuna apelekaye tanzia kwenye nyumba isiyo na mtu. Yupo atakayesema kwamba Kakulu ni taswira ya Mungu aliyeumbwa na mawazo ya watu, na kwamba safari ni ya kuligundua hilo. Usomaji huo unawezekana. Lakini hata ukikubaliwa, bado msimulizi anatembea kama mtu mwenye dai, na dai huelekezwa kwa anayeweza kujibu. Anayemhesabu Kezilahabi kama mkanushaji wa kawaida hajauona uchungu wa safari. Anayemhesabu kama mkufuru hajauona uaminifu wa mjumbe aliyekataa kukaa na habari ile peke yake.

Je, swali hili ni letu?

Kuna pingamizi moja ambalo haliwezi kupuuzwa. Huenda suala zima la kuwapo kwa Mungu na kujulikana kwake limeletwa kutoka nje. Mwaka 1969 Mkenya John Mbiti alichapisha African Religions and Philosophy, na mwaka 1970 Concepts of God in Africa, kitabu kilichokusanya dhana za Mungu kutoka karibu jamii 300. Kwa mtazamo wake, Mwafrika alimjua Mungu kabla ya mmisionari kufika. Mwaka huo huo wa 1970, Okot p'Bitek, Mganda aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha African Religions in Western Scholarship. Alidai kwamba wasomi wa aina ya Mbiti waliivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki.

Mfano mashuhuri wa Okot unahusu Waacholi. Mwaka 1911 wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kitenzi mahususi cha kuumba kwa maana iliyokusudiwa, na swali likawafikia kama kuuliza ni nani aliyewafinyanga. Walipozidi kubanwa, walimtaja Rubanga, ambaye kwao alikuwa jini anayewapinda watu mgongo. Basi wamisionari wakalichukua jina hilo na kulihubiri kama jina la Mungu Muumba.

Kisa hiki kinatufundisha kwamba kitenzi kikikosewa, hata Mungu anakosewa. Lakini hakituondolei swali. Kwa Waswahili, lugha, Uislamu na urithi wa Kibantu vimeishi pamoja kwa karne nyingi kiasi kwamba "Mungu" lenye asili ya Kibantu, "Mola" na "Rabi" yenye asili ya Kiarabu, hutokea katika utungo mmoja bila kugombana. Swali lililoulizwa Pate kwa lugha ya Pate ni swali la Pate. Hali kadhalika, Kezilahabi hakuliazima swali la Kazimoto. Alilikuta Ukerewe, mahali ambapo kanisa, mizimu na shule vilikuwa vimekwisha kukutana.

Fichua: kazi ya fasihi ni ipi?

Tumebaki na umbo la mwisho. "Fichua" ni kauli ya kutendua, na kwa sababu hiyo ina mpaka wake. Unaweza kutendua tu kilichotendwa. Nguo iliyofungwa hufunguliwa, lakini jiwe ambalo halikufungwa na mtu halifunguliwi. Ikiwa Mungu amefichika kwa jinsi alivyo, hakuna riwaya wala utendi utakaomfichua. Ikiwa amejificha, kutokea ni juu yake. Kilichobaki kwa fasihi ni kile kilichofichwa na watu, na hicho si kidogo.

Hapa ndipo tunapolirudia jambo tuliloliacha kwa Ayubu. Katika matanga yetu, kauli kama "ni kazi ya Mungu" husemwa kwa nia njema, na mara nyingi huwa faraja ya kweli. Lakini husemwa pia juu ya mama aliyefia njiani kwa sababu zahanati haikuwa na mhudumu, na juu ya abiria waliopakiwa kupita kiasi katika gari bovu. Hapo sentensi isiyo na mtendaji imewekwa mahali penye mtendaji, na jina la Mungu limetumiwa kama mahali pa kujifichia. Mwenye imani anapaswa kukasirishwa na jambo hilo zaidi ya asiyeamini, kwa kuwa ni Mungu wake anayesingiziwa. Al-Inkishafi ilikuwa imeliona hili mapema: pazia lisiondolewe machoni pa jirani kabla ya kuusaili moyo wako. Kichwamaji imeliona kwa njia ya Manase.

Hitimisho

Makala haya yamependekeza kwamba swali la "Mungu yupo au hayupo?" linapoulizwa mbele ya kazi ya fasihi, litanguliwe na swali la kisarufi: katika kazi hii, ni nani mtendaji wa kitenzi "ficha"? Utendi wa Ayubu unatufundisha kuvumilia maficho yasiyo na mtendaji. Al-Inkishafi inautaja moyo kuwa mtendaji. Mzingile inathubutu kumtaja Mungu mwenyewe na kumpelekea shauri. Misimamo hii mitatu haikubaliani, na hatuoni sababu ya kuilazimisha ikubaliane. Mtu mmoja anaweza kupita katika yote mitatu kwa mwaka mmoja wa msiba.

Kwa walimu na wanafunzi wenzetu, tunashauri mambo mawili. Kwanza, Kezilahabi asomwe darasani sambamba na tendi za kale, si katika kozi tofauti ambazo hazikutani kamwe. Anayemjua Ayubu ataelewa vyema kwa nini mjumbe wa Mzingile hakuweza kunyamaza. Pili, mbinu hii ijaribiwe katika kazi nyingine zinazolikabili suala hili, hasa Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999), inayoupeleka mjadala hadi akhera.

Mwanafunzi mwenye dini hatapoteza imani yake kwa kuuliza ni nani mfichaji. Mwanafunzi asiye na dini naye hatalazimika kuipata. Wote wawili watatoka darasani wakijua kwamba sentensi "Mungu haonekani" haijakamilika mpaka msemaji aeleze ameitumia kwa maana ipi, na kwamba mtu aliyefiwa anastahili kuambiwa ukweli kuhusu mtendaji kabla ya kuambiwa avumilie.